Nilimsomea Bibi Karatasi ya Dawa kwa Mzaha

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa ili msije mkahangaika kutafuta mwingine wa kumtupia. Hata shetani siwezi kumsingizia, maana mambo haya yalitokea mwezi wa Ramadhani, na mashetani wote, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani, walikuwa wamefungwa minyororo. Nilikuwa peke yangu. Mimi na ulimi wangu huu!

Jina langu sitalitaja. Nakaa Bagamoyo, nasoma darasa la nane, na ukiuliza shuleni kwetu ni nani anayeweza kuuigiza mwendo wa mwalimu mkuu mpaka mwalimu mkuu mwenyewe akacheka kabla hajashika bakora, utaletewa mimi. Majina ya watu wa nyumbani nimeyabadili. Kosa sikulibadili hata kidogo.

Aliyenilea ni bibi yangu, mama yake baba. Wazazi wangu wako Pangani, nami niliachwa hapa kwa ajili ya shule, pamoja na dada yangu mdogo, Mwanaidi, aliye darasa la nne. Mwanamume wa nyumba ni Ami Sefu, mdogo wake baba, fundi cherahani.

Mnajua kwetu pwani bibi na mjukuu ni watani. Basi mimi nilikuwa mume, yeye mke, na ugomvi wetu ulisikika mpaka nyumba ya tatu.

"Mume gani huyu, hata kofia ya Ijumaa hana!" atasema.

"Na mke gani huyu, hata jino la kutafunia muwa hana!"

Hapo utarushiwa pepeo la ukili, nawe unaruka dirishani. Hiyo ndiyo ilikuwa raha ya nyumba yetu. Naitaja mapema mjue ni kitu gani nilichokivunja.

Bibi ana ugonjwa wa kiungulia wa siku nyingi. Na asiwe nao kwa nini? Achari yake ya ndimu na pilipili inasifiwa mpaka Msata, na muonjaji wa kwanza ni yeye. Ukija mwezi wa Ramadhani ndiyo balaa: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, kachori, kisha achari juu yake, vyote tumboni ambamo tangu alfajiri hamkuingia hata tone la maji. Akimaliza kufuturu hushika kifua. "Moto, mume wangu! Moto umewaka hapa, unapanda mpaka kooni."

Tena ana magoti. Mvua ikikaribia magoti yake hujua kabla ya mawingu. Kwa magoti humeza vile vidonge vyeupe vya maumivu vinavyouzwa dukani.

Siku mbili kabla ya mwezi kuandama, Ami Sefu alirudi kutoka Dar es Salaam na kopo la dawa ya kiungulia. Unga mweupe laini, wa kukoroga na maji. Ndani ya kopo mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, ya Kiingereza, herufi zake ndogo kama mayai ya siafu.

Bibi si mtu asiyejua kusoma, msimdharau. Msahafu anausoma wote, na barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu anaziandika kwa mkono mzuri kuliko wangu. Lakini herufi za Kizungu hazijui, na Kiingereza ndiyo kabisa.

"Asome msomi wetu," Ami alisema, akanipa karatasi.

Nikasimama katikati ya ua kama hakimu. Bibi yuko juu ya mkeka. Jirani yetu Bi Chausiku, aliyekuja kuomba moto akasahau kuondoka, yuko pembeni. Mwanaidi amekodoa macho. Na mimi, wiki ileile, nilikuwa nimejisifu mbele ya wote hawa kwamba Kiingereza nakinywa kama maji ya madafu.

Nikaanza kusoma kimoyomoyo. Mstari wa kwanza nikauelewa. Wa pili nikauelewa nusu. Wa tatu ulikuwa na neno refu kama treni, nikakwama. Wa nne maneno mawili kama hilo.

Jamani, sikujua! Hiyo ndiyo kweli tupu. Ningesema "hapa sijui, nitamuuliza mwalimu kesho," nisingekuwa na habari ya kuwaandikia leo. Lakini Bi Chausiku ananitazama, Ami ananitazama. Nikakohoa.

"Inasema hivi. Chukua kijiko..."

"Kijiko kipi, cha chai au cha kupakulia?" Bibi akauliza.

Neno la chai nililiona, wallahi nililiona. Lakini kijiko cha chai hakichekeshi. "Cha kupakulia," nikasema. "Kijae mpaka kiwe na kilima juu. Koroga kwenye maji, kisha ushike sikio la kushoto, unywe kwa mkupuo."

"Sikio la nini tena?"

"Mke wangu, Wazungu wamechunguza. Mshipa wa kiungulia umepita sikioni."

"Ewaa!" akadakia Bi Chausiku. "Ndiyo maana mimi nikiungulia sikio huniwasha!"

Nusura nicheke nikajiharibia.

"Kwa siku mara ngapi?"

"Kila ukisikia moto."

"Hata mara kumi?"

"Hata ishirini. Kopo si hilo, kubwa?"

"Na vidonge vyangu vya magoti je?"

"Meza pamoja. Hao ni ndugu, wanasaidiana."

Nilikuwa nangoja pepeo. Ndivyo mizaha yetu ilivyokuwa ikiisha siku zote: atasema "Mwongo wee!", atanirushia kitu, nami nitacheka na kusema la kweli. Nilishaukunja mguu tayari kuruka.

Pepeo halikuja. Bibi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehifadhi aya. Nilikuwa nimesahau kwamba safari hii sikuwa nikisema mimi. Ilikuwa ikisema karatasi, tena ya Kizungu, tena ya dawa.

Akatia kijiko cha kupakulia kwenye bilauri. Akakoroga, povu likapanda. Akashika sikio la kushoto. "Bismillahi." Akanywa yote.

Kisha ukatoka mbweu wa kumwamsha paka.

"Alhamdulillahi!" Bibi alisema, macho yakimeremeta. "Moto umezimika! Umezimika kweli!"

Ami Sefu akanipiga begani. "Elimu hii! Baba yako hatupi pesa zake bure."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Kopo bado liko wazi, karatasi bado iko mkononi, kila mtu bado ana furaha. Ningepigwa pepeo moja na mambo yakaisha. Nikanyamaza, kwa sababu ya lile pigo la begani. Lilikuwa tamu mno.

Ramadhani ikaingia. Bibi akawa na kopo lake kando ya mkeka. Kabla hata ya tende, tumbo tupu, vidonge viwili vya magoti. Kisha futari na achari. Kisha kijiko cha kupakulia, sikio la kushoto, mbweu. Baada ya tarawehe, kijiko kingine. Baada ya daku, kingine. Tumbo lilimharisha siku nyingine, akasema dawa inamsafisha.

Na mimi? Mimi nilikwenda shuleni nikawaigizia wenzangu! Nilijifunga shuka kichwani kama mtandio, nikashika sikio, nikapiga mbweu. Walicheka mpaka wakakaa chini. Nilimfanya bibi yangu mchezo wa mapumziko ya saa nne.

Kilichonidanganya hata mimi ni kwamba dawa ilikuwa ikifanya kazi. Alikuwa akipata nafuu, nilimwona mwenyewe akicheka. Nikajiambia, basi, mzaha wangu una madhara gani? Hata maumivu yake ya zamani ya chini ya kifua, yale yaliyokuwa yakimkunja asubuhi, alisema yamepungua.

Mvua za masika zikashika. Ilikuwa siku ya kumi na tano ya mfungo, adhuhuri, Bibi aliponiita uani. Hakuniita kwa sauti ya utani.

"Mume wangu, njoo. Na usicheke."

"Sicheki."

Akatazama huku na huku. "Choo changu kimekuwa cheusi. Cheusi kama lami, na kinanata. Leo siku ya pili. Sikuweza kumwambia Sefu, nitamwambiaje mwanangu maneno haya? Hebu itazame ile karatasi, inasemaje?"

Nikaitoa karatasi koponi. Mara hii nilisoma kweli, mara ya kwanza nilisoma kweli! Nikashuka mpaka chini kabisa, mahali ambapo siku ile sikufika. Na hapo, wasomaji wangu, niliona neno la Kiingereza la weusi. Mtoto wa darasa la tano analijua. Mbele yake kidogo nikaliona neno la daktari. Na kati yao neno la upesi.

Maneno matatu, na yote nayajua! Hapakuwa na treni hapo.

Nikafikiri haraka, kama mwizi. Akienda hospitali, daktari atauliza anakunywa nini. Ataomba karatasi. Ataisoma. Na mji mzima utajua kwamba msomi wetu hajui kusoma, tena kwamba alimshikisha bibi yake sikio nusu mwezi.

"Inasema," nikaanza, na sauti yangu ilitoka laini kabisa, sijui niliitoa wapi, "inasema ni uchafu wa zamani unatoka. Ni dalili njema."

Bibi akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Nilikwisha ingiwa na hofu."

Ole wangu! Siku ya kwanza niliongopa kwa kutojua na kwa kutafuta kicheko. Siku hii niliongopa huku nakijua ninachokificha, na hakuna aliyecheka.

Siku nne zikapita. Nilizihesabu. Siku ya kwanza alipumzika mara mbili kati ya kisima na jiko. Siku ya pili Mwanaidi alisema, "Bibi, mbona midomo yako imekuwa myeupe?" akajibiwa ni njaa ya mfungo. Siku ya tatu alisali amekaa. Nilimfuata nikamwambia, kwa woga, "Bibi, kesho usifunge. Mgonjwa ana ruhusa."

Akanitazama kwa mshangao. "Mgonjwa nani? Si umesema mwenyewe ni dalili njema?"

Nilikuwa na nafasi ile mkononi. Nikaiacha ianguke. Nikaenda zangu kucheza mpira kwenye matope, na kila mpira uliponijia niliukosa.

Siku ya nne, alasiri, mvua inanyesha, Bibi alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nilikuwa chumbani nafanya hesabu za shule. Nilisikia mbuzi ikikwaruza, kra, kra, kra, kisha ikanyamaza. Kisha Mwanaidi akapiga kelele ambayo sitaisahau.

Bibi alikuwa ameanguka ubavu. Alikuwa anatapika, na alichotapika kilikuwa kama machicha ya kahawa, meusimeusi, na ndani yake nyuzi za damu. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu. Jasho baridi. Nazi imetapakaa kila mahali, nyeupe, na ile kahawa juu yake.

Ami Sefu alikuja mbio na mkanda wa kupimia bado uko shingoni. Hatukuuliza kitu. Tulimlaza juu ya kitanda cha kamba, tukamfunika turubai, mimi na Ami na majirani wawili, tukamchukua mpaka hospitali. Mvua yote ile. Nilishika mguu wa kitanda wa upande wa kichwani, na njia nzima nilikuwa nikitazama kama kifua kinapanda.

Daktari alikuwa mtu wa bara, mpole, Kiswahili chake kimenyooka. Alimbinya tumbo, akamfunua kope la chini, akalitazama, akatikisa kichwa.

"Alikuwa anatumia dawa gani?"

Ami akatoa kopo kibindoni. Sijui alilichukua saa ngapi. Nilitamani lingetumbukia kwenye matope tulikopita!

Daktari akaitoa karatasi koponi, akaikunjua. Akaanza kuisoma kwa Kiswahili, pole pole, ili sote tusikie. Kijiko kidogo cha chai, kimepanguswa juu, bila kilima. Katika nusu bilauri ya maji. Baada ya chakula, si zaidi ya mara nne kwa siku. Si wakati tumbo limejaa sana. Isinywewe pamoja na dawa nyingine, muda upite kati yake. Isitumiwe zaidi ya wiki mbili bila kumwona daktari. Wenye moyo, figo, au miguu inayovimba waulize kwanza, maana ina chumvi ndani yake.

Kila mstari ulikuwa kofi. Ami alinigeukia taratibu.

Hapo sauti ndogo ikatoka kitandani. Bibi, macho yamefumba, midomo imekauka, alisema, "Bwana dakta, mbona hujasoma pale pa sikio?"

"Sikio gani, bibi?"

"La kushoto. Pa kushika sikio la kushoto."

Daktari akaitazama tena karatasi. Akaigeuza nyuma. "Hakuna sikio humu, bibi."

Bibi akafumbua macho, akanitafuta, akaniona. Hakukunja uso. Alinitazama tu, kama mtu aliyefika nyumbani kwake akakuta mlango si ule.

Jamani! Ningekubali bakora mia.

Daktari akaendelea mpaka mwisho wa karatasi, kwenye yale maneno yangu matatu. Kisha akamwinamia. "Bibi, kabla ya leo hukuona choo kimekuwa cheusi?"

Bibi bado ananitazama.

"Sikuona," akasema.

Alinificha! Amelala pale damu imemwishia, na bado alinificha mimi.

Walimtia sindano, na kwa kuwa damu ya kuongeza haikupatikana hapa, ilibidi apelekwe Dar es Salaam. Lilipatikana lori lililokuwa likishusha mihogo ya Fukayosi. Magunia yakatolewa, kitanda kikapandishwa. Nilitaka kupanda. Ami akaweka mkono kifuani kwangu. "Wewe baki na mdogo wako." Njia ya masika mnaijua. Lori lilikwama mara mbili, tuliambiwa baadaye, na mara ya pili watu walilisukuma gizani huku Ami amemshika mama yake asiteleze.

Mimi na Mwanaidi tulibaki na ua uliojaa nazi. Nikafagia. Kila nilipofagia nilikuta nyingine.

Kabla hawajaondoka nilimfuata daktari barazani. Nilimuuliza, kama inamponya kiungulia, vipi imuue?

Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Aliniuliza, "Umewahi kutia magadi kwenye ndimu?"

"Ndiyo. Hufoka povu."

"Na ukionja baadaye?"

"Ukali umekufa."

"Basi ndivyo dawa hii inavyofanya. Tumboni mwa mtu mna maji makali kuliko ndimu. Mungu ameyaweka yasage chakula. Yakipanda kooni ndiyo kiungulia. Unga huu unauzima ukali, na lile povu ndiyo mbweu. Ni dawa nzuri, mimi mwenyewe huitumia. Lakini inazima tu. Haishoni. Bibi yako ana donda tumboni, nadhani la siku nyingi, na vile vidonge vya magoti vikimezwa tumbo likiwa tupu hulichimba donda. Unga ulikuwa ukiondoa maumivu, naye akadhani amepona. Maumivu yale ndiyo yangemleta kwangu."

Akanirudishia karatasi. "Isome mpaka mwisho," akasema. Hakujua kwamba mwisho wake naujua.

Bibi hakufa. Nawaambieni sasa msikae roho juu kama tulivyokaa sisi siku tisa bila habari. Ami alitoa damu, na mtu mwingine asiyemjua Bibi wala kabila lake alitoa damu, Mungu amlipe. Idi tulikula mimi na Mwanaidi kwa Bi Chausiku. Sikuvaa kanzu mpya. Bi Chausiku alinipa biriani akaniuliza kama sikio lile la kushoto bado lafaa kwa kiungulia, maana yeye naye alikuwa akilishika. Nikamwambia halifai. Ilinichukua muda kumaliza sentensi hiyo.

Alirudi baada ya mwezi, mwembamba, anatembea kwa fimbo. Daktari amemkataza vidonge vya magoti, amemkataza achari na pilipili, amempa dawa yake ya kupima, na maziwa. Maagizo yote aliyaandika mwenyewe Bibi kwa herufi zake za Kiarabu, daktari anasema, yeye anaandika, akayabandika juu ya kabati. Hakuniomba nimwandikie. Kwa nini aniombe?

Hajaniita mume tangu siku ile. Ananiita kwa jina langu, kwa upole, na nikimpa maji husema "ahsante, mwanangu," kama mtu anavyomwambia mtoto wa jirani. Nilijaribu siku moja. Nilimwambia, "Mke wangu, leo umependeza." Akatabasamu kidogo, akaendelea kuchambua mchele. Pepeo lilikuwa karibu yake kabisa.

Karatasi yoyote ikiingia nyumbani sasa anaisoma Mwanaidi. Anaburuza silabi kama anayeburuza jahazi mchangani, lakini akikwama husema, "Hapa sijui, Bibi." Na Bibi humwambia, "Basi paache, tutauliza." Rahisi hivyo! Wakati wote ule ilikuwa rahisi hivyo.

Ami Sefu alinisamehe mzaha. Alinipa bakora zangu, akaniambia yameisha, ulikuwa utoto. Majirani nao wamesamehe, wengine hata hucheka. Lakini wanausamehe mzaha kwa sababu wanajua mzaha tu. Zile siku nne hakuna anayezijua. Bibi anajua aliniuliza, nami nilimjibu. Labda anadhani nilisoma vibaya. Labda ndivyo anavyojiambia ili aweze kukaa nyumba moja nami. Hajui kwamba nililiona lile neno, na lile la daktari, na lile la upesi, nikaikunja karatasi.

Wenzangu wa shule, mnaoombwa na wazee kuwasomea vitu, nisikilizeni mimi mpuuzi. Mzee anapokupa karatasi amekupa mwili wake uushike. Soma kilichoandikwa. Usichokijua, kikiri. Mzaha fanyeni kwa mwendo wa mwalimu mkuu.

Na nyinyi wenye viungulia, wala msiogope dawa hizi kwa sababu yangu. Ukila vibaya, ukaungulia, kijiko kidogo katika maji kitakufaa, nawe utalala. Lakini moto ukirudi kila siku, wiki ya kwanza, ya pili, usinunue kopo la pili. Nenda ukapimwe. Ukiwa una dawa nyingine unayomeza, uliza kwanza, na upishanishe muda. Mama mjamzito, mtu wa moyo, mtu anayevimba miguu, ulizeni kabla ya kuonja. Na ukiona choo cheusi kama lami, au matapishi ya rangi ya kahawa, au unakonda bila sababu, au maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi, achana na kopo, achana na mfungo, achana na kuona haya. Nenda siku hiyohiyo. Mwambie hata mwanao wa kiume. Atakusikiliza.

Gazeti hili linafika kwetu. Ami hulileta, na msichana wa darasa la nne humsomea bibi yake barazani, ukurasa kwa ukurasa, kidole kiko juu ya mstari. Nimelijua hilo tangu nilipoishika kalamu, na ndiyo maana nimeishika. Mdomo wangu umeshindwa, nimeona nijaribu kwa mkono.

Basi wewe mdogo wangu, unayesoma haya kwa sauti sasa hivi, umeshafika mahali unapotaka kunyamaza. Usinyamaze. Rudi pale kwenye zile siku nne, umsomee Bibi tena, pole pole, na usiruke hata neno moja.